Shahidi wa Pili wa Mwalimu Latif

Nimekaa eda hapa Kawempe, sitoki, na simu ya marehemu mume wangu iko kwangu. Tangu tumzike haijatulia. Watu wa Mombasa, watu wa Lubumbashi, watu wa Mwanza, mpaka mzungu mmoja wa Ubelgiji anayeandika Kiswahili cha kanisani, wote wanaleta pole. "Tumepoteza maktaba." "Mwalimu alikuwa hazina." "Mwalimu hakuwahi kumnyima mtu kitu." Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niweke simu chini nitafute maji ya kunywa. Kwa sababu alinyima. Mara moja tu, kitu kimoja tu, na aliyemnyima alikuwa mama mzee mgonjwa ambaye hakuwa na swali lingine duniani. Sisemi haya kumvunjia heshima. Nilimpenda huyu mtu, wallahi, na ndiyo maana naongea kwa hasira.

Jina lake Abdul-Latif, Mnubi kama mimi. Baba yake alikuwa jeshini, dereva wa lori la mafuta ya ndege kule Entebbe, na mtoto akakulia uwanjani akitazama ndege kwa chini, matumbo yake na magurudumu yake. Alipokua akawa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Old Kampala. Akafundisha mpaka akastaafu, halafu akaja kunisumbua mimi dukani Kikuubo. Nauza vyombo kwa jumla: chupa za chai, masufuria, mabeseni, sahani. Akajitafutia nafasi nyuma ya marobota, akaweka kiti cha plastiki, akafungua kikundi mtandaoni cha ndege za zamani, zile zilizoruka Uganda na kwa majirani. Wateja walidhani ni mlinzi wa duka. Nikiwaambia ni mume wangu walicheka, na yeye alicheka nao bila kuinua macho kwenye simu.

Simu hiyo niliiita mke mwenza. Namwambia, "Baba Nuriat, mke mwenza amekula?" Naye ananijibu, "Bado, mtie chaji." Alikuwa na utani wa taratibu, huwezi kugombana naye hata ukitaka.

Na kweli alikuwa mkarimu. Mtoto wa shule huko Tanzania anauliza kwa nini ndege fulani ilikuwa na pua ndefu, yeye anamwandikia somo zima, na mchoro juu, kana kwamba anamjibu waziri. Studio moja ya picha ya Wahindi pale Old Kampala ilipofungwa, alikwenda kuokota picha zilizokuwa zinatupwa, akazisafisha kwa pamba, akaziweka zote kwenye kikundi bila hata kuandika jina lake pembeni. Nilimpigia kelele. Nikamwambia watu watazichukua. Akasema, "Wachukue, Aminah. Ndege si zangu, na waliopigwa picha si wangu." Baadaye mtu wa nje akazitia kwenye kitabu chake bila kumtaja, na Latif akanionyesha kitabu hicho kwa furaha, akihesabu picha zake humo ndani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hata kukasirika alikuwa mvivu.

Ila alikuwa na sheria moja, na ni lazima niieleze. Miaka ya nyuma familia moja ya Masindi ilimuuliza ndugu yao alikufa kwenye ndege gani. Mzee mmoja aliyekuwa jeshini akamwambia Latif kwamba alimwona kwa macho yake akipanda ndege fulani. Latif akawapa jibu. Wakasoma hitima, wakachinja, mama akalia akamaliza. Kisha akatokea mtu mwingine na ushahidi kwamba siyo ile ndege, siyo mahali pale, na mama yule akaanza kulia upya kuanzia mwanzo. Latif alikonda kwa ajili ya jambo hilo. Tangu siku hiyo akasema hatatoa neno lolote la kifo cha mtu mpaka apate mashahidi wawili wasiojuana. Alikuwa amesoma madrasa kwa shehe mkali, yule wa kukuuliza kila unachosema umekisikia kwa nani na huyo alikisikia kwa nani, basi akaona sheria hii ni dini. Kuhusu injini na mabawa alimwaga kila alichojua. Kuhusu maiti, alifunga mdomo mpaka apate wawili.

Sasa siku moja mwanamke akaweka picha kwenye kikundi. Kijana wa jeshi amesimama kando ya ndege, kofia mkononi, anacheka na jua. Mwanamke akaandika kwamba huyo ni baba yake, Sajini Oyet, fundi wa ndege. Miaka ya sabini, mvua nyingi, alipanda ndege ya mizigo kutoka Entebbe kwenda Arua, na ndege haikufika. Jeshi halikuwaambia kitu. Ila maneno yalipita kambini kwamba wale wote walitoroka na ndege, wakaenda kuishi nchi za watu. Yeye alikuwa bado tumboni. Akauliza, kuna mtu yeyote anayejua?

Mwandishi alikuwa Lanyero, afande wa polisi, anakaa kwenye kambi ya polisi na mama yake. Latif alipoiona picha tu akaruka kwenye kiti chake. "Dakota!" akasema. "Tazama ilivyokaa, mkia chini, pua juu, kama mbwa anayengoja chakula." Akamwandikia Lanyero yote: injini zake, mlango wake, ilibeba nini, ikiruka na mawingu ilikuwa inapotezwaje na upepo. Lanyero akashukuru, akaomba kuja. Wiki hiyohiyo wakaja dukani, yeye na mama yake, Aol.

Nilimpenda yule mama hapohapo. Mwembamba, mguu umevimba kwa maradhi ya figo, lakini kitambaa chake kichwani kimefungwa barabara. Aliongea kile Kiswahili cha kambini ambacho wake wa askari wote walizeeka nacho. Nikampa kiti, nikampa chai. Akamtazama Latif moja kwa moja.

"Mwalimu," akasema, "mimi najua ndege ile ilikuwa mzuri. Mzee alikuwa anaipenda kunishinda. Mimi nauliza tu alilala wapi."

"Nitatafuta, mama."

"Sikia. Kwetu mtu akifia mbali, watu wanaenda pale alilala, wanachukua mchanga, wanamleta nyumbani. Ndio wanalia. Sasa ndugu zake wamekataa. Wanasema Oyet alikimbia, ati ana bibi mwingine huko Kongo. Miaka yote hii wananiita bibi ya mtoro. Mimi sijalia hata siku moja, kwa sababu nitalia wapi? Na daktari anasema mimi niko karibu kwenda. Kule Kitgum wameniachia mahali pa kaburi kando ya mahali pake, na pake hakuna mtu. Mimi sitaki kulala kando ya shimo. Nitafutie, mwalimu. Sehemu tu."

Latif akaweka mkono kifuani, akasema atatafuta kama anavyomtafutia mama yake mwenyewe. Na alitafuta, hapo sitamdhulumu. Kikuubo ni pahali pa kutafutia: Wakongo, watu wa Sudani Kusini, watu wa Arua, wote wanapita kwetu kuchukua mizigo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Kila aliyeingia kununua chupa za chai alikutana na Latif kwanza. "Kwenu kuna bati la ndege? Kuna watu waliosubu masufuria kwa bati la ndege?" Kwa maana ndege ikianguka kijijini, baada ya miaka utaikuta jikoni. Nilimwambia ananifukuzia wateja. Wengine walidhani ni kichaa.

Lanyero alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Naye anajibu vilevile: "Bado, afande. Tunaendelea." Nilisikia jibu hilo mpaka likanikera. Lakini nilidhani ni kweli.

Haikuwa kweli yote. Wakati nilipokwenda Arua kwa msiba wa shangazi, alikuja dukani mfanyabiashara wa Mahagi, upande wa Kongo, jina lake Guerschom. Latif akamuuliza swali lake la kila siku, na Guerschom akajibu bila hata kufikiri. "Kule kwetu kuko kilima moja, wanaita Alworo. Ndege ya Uganda ilianguka pale wakati ya zamani. Tate alituambia walizika watu pale. Mabati, watu wamemaliza kubeba." Akarudi kwao, akamtumia Latif picha ya kibati chenye namba, kimepigiliwa kwenye mlango wa banda la kuku. Latif akakitambua. Ni cha Dakota.

Mtu mwingine angekimbilia kambini kwa miguu. Mume wangu akaanza kufikiri. Dakota zilikuwa nyingi, hata Kongo walikuwa nazo. Guerschom hakuona, alisimuliwa na babu yake. Huyo ni shahidi mmoja, tena wa kusikia. Kwa hiyo akanyamaza. Hakuniambia mimi, hakumwambia Lanyero, na kwenye kikundi, alikozoea kumwaga kila kitu mpaka namba za skrubu, hakuandika hata jina la kilima. Aliogopa Lanyero asije akalisoma. Akakaa nalo, akimngoja shahidi wa pili, na Ijumaa zikawa zinapita. Tunaendelea, afande.

Mama Aol akalazwa. Tukaenda kumwona, mimi nimebeba uji wa mtama kwenye chupa. Alikuwa amekwisha, Yarabi, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Lanyero alikuwa kando yake na sare yake ya kazi, anampepea kwa bahasha ya vipimo. Mama akamwona Latif, akajaribu kujiinua.

"Mwalimu. Umesikia kitu?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakunjakunja kofia yake. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani anaona huruma tu.

"Bado, mama," akasema. "Tunaendelea kutafuta."

"Haya," akasema mama. "Asante kutafuta." Akageuza uso ukutani. Asante! Alimshukuru.

Tukatoka. Getini Latif hakutaka boda. Akasema tutembee kidogo. Tukatembea, na pale penye wauza maembe akasimama, akaniambia yote: Guerschom, kilima, kibati cha banda la kuku. Sijui kwa nini alichagua pale. Labda lilikuwa limemjaa mpaka hapa kooni.

Nikapiga kelele watu wakageuka. "Unajua na umemwambia bado? Mwanamke yule yuko ukingoni na umemwambia bado?"

"Sijui, Aminah. Nadhani. Kudhani na kujua ni vitu viwili."

"Basi mwambie unadhani! Neno hilo lina ubaya gani? Mama, kuna kilima, kuna mtu amesema, bado tunahakikisha. Mpe hata hicho alale nacho!"

"Na kama si yeye? Wakienda kuchukua mchanga wa mtu mwingine, wakamzika mtu mwingine Kitgum kwa jina la Oyet? Unakumbuka Masindi?"

"Yule wa Masindi alilia mara mbili. Huyu hajalia hata moja. Rudi sasa hivi!"

Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha, mlinzi alikuwa anafunga geti. Latif akaangalia geti, akaniangalia mimi. Akasema, "Kesho asubuhi. Kesho nitamwambia ninachodhani."

Asubuhi tulikuwa wa kwanza getini. Alikuwa amevaa kanzu safi. Tulipofika wodini tukamkuta Lanyero anakunja shuka za mama yake, anazipanga kwenye beseni, polepole, kingo kwa kingo. Hakulia. Akasema, "Ameenda alfajiri, mama Nuriat." Latif akabaki amesimama mlangoni na maneno yake mdomoni. Hakuyasema siku hiyo. Ungeyasemaje?

Wakamsafirisha Aol Kitgum, nasi tukaenda, wakamzika pale pale alipokataa kulala, kando ya mahali pasipo na mtu.

Tuliporudi Kampala, Latif hakula siku hiyo. Kesho yake dukani akachukua simu, akaandika kwenye kikundi. Nilisimama nyuma yake nikisoma kila neno. Akaandika jina la kilima, maneno ya Guerschom yote, picha ya kibati, na chini: "Nina shahidi mmoja tu, wa kusikia. Huenda nakosea. Nilipaswa kuuliza mapema." Akaweka simu kifudifudi juu ya sahani, akaenda kusali adhuhuri.

Hakuwa amerudi simu ilipolia. Ni msichana aitwaye Olivia, msusi wa nywele katika saluni moja Old Kampala. Alikuwa kwenye kikundi muda mrefu, anasoma, hachangii. Akaandika: "Mwalimu, Alworo ni kwetu. Bibi yangu aliiona ndege hiyo ikianguka. Alikuwa mtoto. Yuko hapa kwangu, amekuja kutibiwa macho tangu kabla ya Ramadhani. Mbona hukuuliza siku zote hizi? Ningekuletea."

Tangu kabla ya Ramadhani. Mama Aol alikuwa bado anatembea. Alikuwa bado anakuja dukani kunywa chai yangu. Na shahidi wa pili amekaa Old Kampala, mwendo wa dakika chache juu ya kilima, chini ya shule aliyofundisha mume wangu maisha yake yote, na mjukuu wake anasoma kikundi kila jioni akisuka watu. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, Alworo, na mlango ungefunguka. Latif aliporudi kutoka msikitini nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma, akakaa chini sakafuni, kati ya mabeseni. Mteja aliingia akauliza kama mzee ni mgonjwa.

Tulikwenda kumwona bibi huyo, Alanyo, jioni hiyohiyo. Ni Mualur, bandeji jicho moja, mcheshi kidogo, anapenda sukari nyingi kwenye chai. Alitusimulia kama mtu anayesimulia jambo la juzi. Mvua, kishindo, watu wazima wakapanda kilima, watoto wakafuata. Wengine walikuwa wamekufa, mmoja alikuwa hai, mguu umevunjika na damu inamtoka ndani. Watu wakashangaa maana mwanajeshi huyu wa Uganda alipofungua mdomo, wakamwelewa. Kiacholi na Kialur ni mtu na binamu yake.

"Mimi nilimletea maji kwa kibuyu," akasema Alanyo. "Akauliza, hapa ni wapi? Wakamwambia, ni Kongo. Akasikitika sana, yule mtu. Kuliko mguu. Akasema, sasa watasema nimekimbia. Akasema, Aol ataambiwa nimekimbia. Nakumbuka kwa sababu Aol ni jina ya shangazi yangu, nikadhani anamjua. Jioni akakufa. Wazee wakatuambia tusiseme mahali popote, askari watakuja kuchoma nyumba. Basi hatukusema. Huyo Aol yuko?"

Olivia alitutazama. Mimi nilimtazama Latif. Akasema, "Alikuwepo."

Alikwenda mwenyewe kumwambia Lanyero, nami nikaenda naye ili asianguke njiani. Lanyero alitupokea nje ya nyumba yake kambini, amevaa sare, anakaribia kuingia zamu. Latif akasema yote, pamoja na Guerschom, pamoja na ile siku ya wodini. Hakujificha. Lanyero alisikiliza kama anavyomsikiliza mtu aliyekamatwa, bila kumkatiza.

"Siku ile mama anakuuliza," akasema, "ulikuwa na hili jina la kilima?"

"Nilikuwa nalo. Nilikuwa na shahidi mmoja."

"Mama hakuomba mashahidi, Mwalimu. Mimi ndiye polisi hapa. Yeye aliomba sehemu."

Latif akaanza kuomba radhi. Lanyero akainua mkono. Akasema tutakwenda Alworo, sote, kwa sababu Mwalimu ndiye anayejuana na Guerschom na Guerschom ndiye anayejua njia. Kusamehe hakukutajwa. Mpaka leo sijui kama alimsamehe, na nadhani si haki yangu kumuuliza.

Kabla sijasema ya Kitgum, niseme hili kwa hawa wanaoniandikia kwenye simu wakiuliza Mwalimu alinyamaza kwa nini mwaka wake wa mwisho. Wengine wanasema alikuwa safarini, wengine kwamba alikuwa anaandika kitabu. Hakuandika kitabu chochote. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya marobota, maswali yakawa yanaingia, na yeye anayatazama. Swali dogo tu la rangi ya mkia, anaandika jibu, anafuta, anaandika, anafuta. Nilimwambia, "Baba Nuriat, hilo unalijua, lijibu." Akasema, "Nalijua?" Basi. Moyo ukaanza kumsumbua, na moyo ndio uliomchukua. Wamwache marehemu na safari zao.

Ya Kitgum sasa. Tulitoka Alworo na mchanga. Alanyo alikuwa ametuonyesha mahali kwa fimbo, na wazee wa Kialur wakasema maneno yao, na Lanyero akachota kwa mikono, akaufunga katika kitambaa cha mama yake. Guerschom alilia kuliko wote, mtu mzima na kitambi chake. Tukafika Kitgum, ndugu wa Oyet wamekusanyika, wale wale waliosema mtoro. Sasa walikuwa wameinamisha vichwa, wamechinja mbuzi, wamechimba kando ya Aol. Mchanga ukawekwa. Wanawake wakapiga mayowe ya kilio, na kwa mara ya kwanza Oyet akaliliwa, na kila mtu alikuwepo isipokuwa yule mmoja aliyekuwa na haki ya kumlilia.

Walipotawanyika kwenda kula, Lanyero akatuita. Tukasimama sisi watatu penye kaburi la mama yake, udongo wake umeanza kuota majani.

"Mwambie," Lanyero akamwambia Latif.

"Nimwambie nini, afande?"

"Aliyekuuliza ni yeye. Mimi nilikuwa napiga simu tu. Mwambie alilala wapi. Mwambie alisema nini. Mwambie hakukimbia."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anamwomba kweli. Na mume wangu, ambaye angeweza kumweleza mtoto asiyemjua wa Mwanza jinsi bawa linavyobeba tani za chuma angani, akavua kofia, akasogea karibu, akafungua mdomo. Nikasema moyoni, sema, Latif, sema sasa, hata ukisema nadhani. Tukangoja. Akafunga mdomo, akatingisha kichwa.

Lanyero akachuchumaa. Akaweka kiganja chake juu ya udongo na akamwambia mama yake yeye mwenyewe, kwa Kiacholi, kwa sauti ya chini. Mimi Kiacholi sikijui. Nilisikia Alworo, na jina la baba yake, na jina la mama yake.